Uso wa Mogesi

Mama alimwita Gati "mura" asubuhi moja uani, jua likiwa limeshatoka na kila kitu kikionekana wazi. Gati alikuwa ameinamia beseni akinawa. Alipoinua kichwa, maji yakimtiririka kidevuni, mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Mura, leo umechelewa kuamka," mama akasema, taratibu kabisa.

Kwa Wakurya, mura ni neno la mwanaume. Mtoto wa kike haitwi hivyo hata kwa utani. Na katika mji wao mtu pekee aliyezoea kuitwa hivyo na mama alikuwa Mogesi, kaka yake Gati, ambaye kaburi lake lilikuwa hapo hapo nyumbani, nyuma ya migomba, udongo wake bado haujaota majani.

"Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kitambo. Kisha akaweka kikombe juu ya kigoda, akarudi ndani.

Gati hakumkasirikia. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa amemwelewa. Wiki hiyo hiyo, yeye mwenyewe alikuwa ameingia dukani kwake, akaona mtu kwenye kioo, na kabla hajafikiri alikuwa ameshamsalimia kaka yake.

Gati ni fundi cherehani pale Nyarero, upande wa Tarime. Hushona sare za shule, magauni ya harusi, na vitenge vya akina mama wa kanisani. Alikuwa binti mcheshi, mwimbaji wa kwaya, mwenye meno yaliyopangika vizuri ambayo watu waliyasifia tangu akiwa mdogo. Alipoanza kuvimba miguu alidhani ni kukaa sana kwenye cherehani. Baadaye uso nao ukavimba, chakula kikaanza kumchefua, na akafika siku ambayo hakuweza kutembea kutoka dukani hadi nyumbani bila kupumzika njiani. Mwanza ndiko walikomwambia: figo zote mbili zimekufa. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, akikaa kwa shangazi yake, akirudi Nyarero mara chache kama mgeni.

Madaktari walisema njia iliyobaki ni kupandikizwa figo ya ndugu. Baba yake alishafariki zamani. Mama ana presha, alikataliwa. Akabaki Mogesi, aliyekuwa dereva kwenye kambi moja ya watalii upande wa Natta. Alikuja nyumbani na sare za kazi zikiwa bado na vumbi la porini.

Baba yao mdogo, Wangwe, aliita kikao cha ukoo. Hakuwa mtu mbaya, ila alisema alichokiona. "Mtoto wa kike kesho anaolewa, anakwenda mji wa watu. Mji huu una mwanaume mmoja tu. Mnataka kumchana huyo huyo?"

"Baba, mimi ninazo mbili," Mogesi akajibu. "Yeye hana hata moja. Kikao cha nini?"

Wakapelekwa Dodoma, wakapasuliwa siku moja. Figo ya Mogesi ilianza kufanya kazi Gati akiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Mama alipopigiwa simu akaambiwa binti yako amekojoa, alilia kwa furaha mbele ya watu sokoni, na kwa muda mrefu wanawake wa Nyarero walimtania kwamba hawajawahi kuona mtu anayeshangilia mkojo namna ile.

Baada ya hapo ikabaki kazi ya dawa. Daktari Ummy, mama mmoja mtulivu aliyemhudumia kliniki Mwanza, alimweleza kwa lugha ya nyumbani.

"Mwili wako una mbwa wa kulinda mji. Figo hii ni mgeni. Mbwa akiiona ataiuma mpaka aiue. Dawa hizi zinamfunga mbwa. Siku ukiziacha, unamfungulia. Tumeelewana?"

"Ndiyo, daktari."

"Lakini nazo zina vituko vyake. Hii ya vidonge vya mafuta inaitwa saiklosporini. Inaweza kukuotesha nywele pasipo na nywele. Inaweza kunenepesha fizi. Ngozi itatoa chunusi, na mdomo unaweza kupata vidonda. Ukiona lolote, njoo uniambie. Usinyamaze nalo."

Gati aliitikia. Mtu aliyetoka kwenye mlango wa kaburi huitikia kila kitu.

Vidonge vile vilikuwa vikubwa na laini, na ukifungua karatasi yake vilitoa harufu kali, mfano wa pombe iliyoachwa kwenye ngozi ya mnyama. Alivimeza asubuhi na jioni. Miezi michache baadaye malaika, zile nywele ndogo za mwilini, zilianza kumwota mikononi na kwenye paji la uso, laini kama za mtoto mchanga. Kisha mgongoni. Kisha juu ya mdomo. Fizi nazo zikaanza kukua; zilishuka katikati ya meno kama unga ulioumuka, zikayafunika nusu, na akila nyama au hata ugali mgumu, damu ilitoka. Akaanza kuimba midomo ikiwa imebanwa, halafu akaacha kwaya.

Mogesi alipokuja likizo alimgeuza uso kwenye mwanga, akamchunguza.

"Figo ni ya mwanaume," akasema. "Ulitegemea ikuoteshe nini, hereni?"

Walicheka mpaka fizi za Gati zikatoa damu, na mama akawagombeza wote wawili.

Masika yaliyofuata, Mogesi alitumwa na kambi kwenda Mugumu kufuata mahitaji, yeye na mwenzake aliyeitwa Filemoni. Wakati wa kurudi walikuta mto umefurika, wakasubiri, wakaona maji yamepungua, wakaingia. Gari likazimika katikati. Maji yaliposhuka tena, Mogesi alipatikana mbali sana na pale, chini kwenye matete.

Filemoni ndiye aliyekuja na jeneza. Watu walimzunguka wakitaka kusikia, akasema maneno machache tu: "Tulitoka wote wawili kupitia dirishani. Mimi nikashika mti." Walimwuliza, "Na Mogesi je?" Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Baada ya mazishi wazee walikaa chini ya turubai. Gati alikuwa akipitisha maji ya kunawa alipomsikia baba yake mdogo Wangwe akisema, si kwa ukali, ila kama mtu anayewaza kwa sauti:

"Mtu wa figo mbili angefika kwenye ule mti."

Mzee mmoja aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata. Gati alishika lile jagi mpaka wote wakamaliza, akaenda nyuma ya jiko, akamwaga maji yaliyobaki.

Ni baada ya hapo ndipo nywele zilipokuja kweli. Zilikaza, zikawa nyeusi, zikashuka mashavuni zikafuata taya na kukutana kidevuni. Dawa ilikuwa ikifanya kazi yake tu, na ingefanya vile vile hata kama Mogesi angekuwa hai. Lakini nani angewaza hivyo wakati ule? Kaka na dada walikuwa wamefanana tangu utotoni, paji lile lile, macho yale yale yaliyozama kidogo. Kilichokuwa kikiwatofautisha ni ndevu. Sasa ndevu zilikuwapo.

Gati akanunua nyembe. Alinyoa kila asubuhi, lakini jioni kidevu kilikuwa kimeshakuwa kigumu. Siku moja alijikata, na kwa kuwa mwili wake hauna ulinzi kama wa watu wengine, pale palivimba pakawa jipu lililomlaza kwa homa. Muuguzi wa zahanati akamkataza wembe. Akaanza kujifunga mtandio mpaka chini ya macho, na sokoni watu wakaulizana kama amesilimu.

Dukani kulikuwa na kioo kirefu cha wateja. Mteja mmoja, Frida, alikuja kujaribu gauni. Gati alikuwa amepiga magoti nyuma yake akiweka pini kwenye upindo, mtandio ukamteleza. Frida aliangalia kioo, akaona nyuma yake uso wa mtu waliyemzika. Hakupiga kelele. Alivua gauni lile na pini zake, akavaa nguo yake akaondoka, na kwa muda mrefu hakurudi kulichukua. Tangu siku hiyo Gati alikigeuza kile kioo kikaangalia ukuta. Wateja wakalalamika, kisha wakapungua.

Maneno yakaanza kuzunguka Nyarero. Kwamba Mogesi hajaenda popote. Kwamba alimwingia dada yake kwa njia ya figo na sasa anatoka kidogo kidogo, kwa nje. Wengine walisema kwa huruma, wengine kwa kuogopa. Gati aliyasikia. Mchana akiwa peke yake dukani aliweka mkono tumboni upande wa kulia, chini, pale figo ilipopandikizwa, ambapo ukibonyeza unaigusa kama ngumi ya mtoto. Alijiuliza anayepumua humo ni nani.

Na mama? Mama alianza kupata nafuu, na hilo ndilo lilikuwa jambo baya kuliko yote. Tangu msiba alikuwa hali, hasemi. Sasa alifua mashati ya Mogesi akayaanika. Alimwekea Gati sehemu ya nyama anayopewa mwanaume, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu cha Mogesi. Walipokaa kula alimtazama yule binti kidevuni, akatabasamu.

"Kule Natta mvua zimenyesha?" aliuliza siku moja.

Gati alikuwa amechoka kukataa. "Zimenyesha, Mama."

"Na tembo hawajawasumbua?"

"Hawajatusumbua."

Akaona jinsi mama alivyopata usingizi mchana ule, akilala kwenye mkeka kama mtu aliyetua mzigo. Akaogopa zaidi.

Ndipo alipoanza kuruka dawa za jioni. Hakuamua kufa. Alichofikiri ni kwamba akipunguza kidogo, ndevu zitapungua kidogo, na figo itavumilia. Alivitia vile vidonge kwenye jivu la jikoni. Wakati mwingine aliwaza hivi: nikivimeza ninakuwa Mogesi, nikiviacha ninaua kipande chake kilichobaki. Alikosa pa kukanyaga.

Mama ndiye aliyevikuta, akizoa jivu kwenda kulitupa shambani. Ile harufu haifichiki. Alikuja navyo mkononi, vimepasuka na kunata kwenye kiganja.

"Hiki ni nini?"

Gati akanyoosha mkono kuvichukua.

"Hiki ni chakula chake," mama akasema. "Unamnyima chakula. Mwanangu amezama mara moja, nawe unataka kumzamisha tena, humu ndani?" Akamgusa tumboni kwa kile kiganja chenye jivu.

Jioni ile Gati alimeza dawa mbele ya mama yake. Alipovua soksi aliona zimemwachia alama ya kuzunguka mguu, yaani miguu imeanza kuvimba kama zamani. Kesho yake akasafiri kwenda Mwanza.

Kliniki wagonjwa waliopandikizwa huvaa barakoa, na hiyo ndiyo iliyokuwa imemficha Gati muda wote. Kabla ya kila safari alinyoa, akavaa barakoa, akajibu maswali, akapimwa damu, akaondoka. Safari hii hakuwa amenyoa. Daktari Ummy alisoma majibu ya damu akakunja uso.

"Kipimo cha figo kimepanda. Unaruka dawa?"

"Naruka za jioni."

"Kwa nini, mama?"

Gati akavua barakoa.

Daktari hakushtuka wala hakucheka. Alivaa glovu, akamwambia afungue mdomo, akazikagua fizi moja baada ya nyingine kwa kijiti, akapitisha kidole kwenye taya, akaangalia mikono na mgongo. Kisha akakaa.

"Nilikwambia haya yanaweza kutokea. Mbona hukusema?"

"Sikujua ni dawa."

"Nilikueleza siku ya kwanza kabisa."

"Ulinieleza," Gati alisema. "Lakini yalipokuja yalikuja na sura ya kaka yangu. Na kaka yangu amekufa. Nikaona hayo si mambo ya kumwambia daktari."

Daktari Ummy akasema, "Nywele hizi angeota mtu yeyote, hata aliyepewa figo na mwanamke. Ziko dawa nyingine za kufunga mbwa. Iko moja inaitwa takrolimasi, yenyewe haioteshi nywele, na fizi zitarudi polepole. Zisiporudi zote, daktari wa meno atazipunguza. Ila inaweza kukutetemesha mikono, na itabidi tukuangalie sukari. Tunaibadilisha?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Gati aliyekuwa ameteseka mwaka mzima aliinuka kitini. Alimwomba daktari ruhusa atoke nje kidogo. Akasimama kwenye korido, akijishika mashavu yote mawili kwa viganja. Aliporudi alisema, "Badilisha."

Aliporudi nyumbani alimweleza mama kila kitu, pole pole, kama alivyoelezwa. Mama alikuwa akichambua mtama kwenye ungo. Hakuuacha.

"Kwa hiyo ataondoka."

"Ni nywele zinazoondoka, Mama. Figo inabaki. Figo inabaki salama."

"Figo siioni," mama akasema.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama alimwita nyuma ya migomba, karibu na kaburi. Alikuwa amebeba vigoda viwili. Alimkalisha Gati kwenye kile cha Mogesi, akakaa mbele yake, magoti yakigusana. Akaufungua mtandio yeye mwenyewe, akaukunja, akauweka pajani. Jua la mchana lilikuwa usoni pa Gati.

"Kabla hajaenda nataka kumuuliza," alisema. "Siku ile hakuniaga. Niache nimuulize, halafu sitasumbua tena."

"Mama, usifanye hivi."

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Gati akafumba mdomo. Mama akamshika mashavu, vidole vikiwa ndani ya zile ndevu, akasogeza uso wake karibu.

"Mura. Maji yalikuwa baridi?"

Migomba ilitikisika kwa upepo. Gati alikuwa amekusudia kunyamaza mpaka mwisho.

"Yalikuwa baridi, Mama," akasema.

"Uliogopa?"

"Kidogo tu. Haikuwa muda mrefu."

Machozi yalimshuka mama bila sauti. Akapumua. Gati aliliona swali la tatu likija kabla halijatamkwa, akataka kusimama, lakini mikono ilikuwa imemshika.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ile figo uliyotoa. Ndiyo iliyokukosesha nguvu?"

Sauti iliyojibu, Gati anasema, haikutetemeka. Ilikuwa nzito kidogo kuliko yake, labda kwa sababu ya zile fizi. "Hapana, Mama. Mto ulikuwa mkubwa. Hata mtu wa figo nne usingemwacha."

Mama akainamisha kichwa kwenye magoti ya Gati, akalia kwa nguvu, kilio kizima ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Gati alimpapasa mgongo. Mikono yake ilikuwa baridi. Hakuwa na hakika ni nani aliyesema. Kama ni Mogesi, basi Gati amesamehewa. Na kama ni yeye mwenyewe, basi amejisamehe kwa mdomo wa marehemu, mbele ya kaburi lake, na hakuna dhambi aliyofundishwa kanisani inayolingana na hiyo.

Nywele zilidondoka kidogo kidogo, miezi kadhaa. Kwanza kidevu kilipungukiwa, halafu mashavu, kisha juu ya mdomo pakabaki kivuli tu. Mama alikuwa akimtazama kila asubuhi, na kila asubuhi akitazama muda mfupi zaidi. Fizi zikanywea, sehemu za nyuma daktari wa meno alizikata, na meno yake yakaonekana tena. Mikono ilianza kutetemeka kama alivyoambiwa. Kutunga uzi kwenye sindano kukawa kazi ya kushikilia pumzi. Kioo alikigeuza, wateja wakarudi, na Frida mwenyewe akaja siku moja kuulizia gauni lake, akicheka kwa aibu. Mama akaacha kuanika mashati. Akamwita Gati tena, jina lake, kwa upole, kama anavyoitwa mgeni anayeheshimiwa.

Walipokusanyika kumaliza msiba, ukoo wote ulikuwapo. Baba mdogo Wangwe, akiwa ameshakunywa kidogo, alirudia lile neno lake la figo na mti. Gati alikuwa ameketi na wanawake. Kabla mtu hajamnyamazisha, mama alisimama.

"Hilo nimeshamuuliza mwenyewe," alisema. "Alinijibu kwa mdomo wake, mchana, nikimshika. Alisema mto ulikuwa mkubwa. Usilirudie tena katika mji wangu."

Wangwe aliangalia chini. Kwa watu wa pale, mama akisema amezungumza na mwanawe aliyekufa, huna pa kumpinga. Wazee wakaitikia kwa kichwa, mmoja akasema, "Basi, limekwisha," na likawa limekwisha. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa Nyarero mpaka leo: kwamba Mogesi mwenyewe alisema.

Filemoni naye alikuwapo. Alikuja kutoka Natta kwa heshima ya rafiki yake, akakaa pembeni na sahani ya nyama mapajani. Mama aliposema yale maneno, Gati aligeuka akamtazama, kwa kuwa yeye tu ndiye aliyekuwa ndani ya yale maji. Filemoni alimtazama pia. Kisha akaweka sahani chini, akainuka, akaenda kunawa mikono ingawa alikuwa hajaanza kula.

Bado hupita Nyarero akielekea Sirari kwa wakwe zake. Husimama dukani, humuuliza Gati habari za figo, naye humjibu kuwa ni nzima. Humpa kiti. Huongea juu ya mvua, bei ya kahawa, wanyama waliovunja ua wa mtu. Akiondoka, Gati hurudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedali, na kwa muda fulani hashoni kitu. Hajawahi kumuuliza ilivyokuwa mle majini.